Siku ya tano ya juma ni ipi?

*Swali: Mwanangu yuko darasa la tatu hapa Tabora. Kwenye jaribio aliulizwa siku ya tano ya juma ni ipi, akaandika Jumatano, kwa sababu jina lenyewe lasema tano. Akakoseshwa, jibu la mwalimu ni Ijumaa. Bibi yake akasema wote wamekosea, ni Alhamisi, maana hiyo ndiyo tano ya Kiarabu. Mume wangu yuko Muscat kikazi. Nilipomsimulia kwenye simu alicheka, akasema lugha hii haijui kuhesabu, hata saa zake zimegeuzwa juu chini. Nimebaki najiuliza: hesabu hizi zina maana yoyote, au ni upuuzi tuliorithi tukauzoea?*

Dada yangu wa Tabora, umeniletea swali moja lenye majibu matatu, na yote matatu ni sahihi. Mwanao, bibi yake na mwalimu kila mmoja amehesabu vizuri mpaka tano. Hawakuanzia mahali pamoja, basi.

Nianze na mtoto, maana ndiye aliyepoteza alama. *Mosi* ni moja ya zamani. Bado tunayo kwenye Mei Mosi na tarehe mosi. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kasoma neno, kaliamini. Mimi ningempa alama yake, na ya pili juu kwa kuwa watu wazima tunayataja majina haya kila siku bila kusikia kilichomo.

Hesabu yake inaanza kesho ya Ijumaa. Neno *juma* lenyewe limetoka kwenye jina la Kiarabu la siku hiyo, siku ya kukusanyika, na maana yake ikapanuka hadi kuwa muda wa kutoka Ijumaa moja hadi nyingine. Mtu wa pwani akishasali Ijumaa amefunga daftari. Kesho yake ni mosi.

Sasa bibi. Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili: hiyo ni *ahad*, yaani moja, kisha *ithnain*, *thulatha*, *arbiaa*, na ya tano ni *khamis*. Hiyo ndiyo Alhamisi yetu. Kwa hesabu ya mjukuu wake, siku hiyo ni ya sita, ingepaswa kuitwa Jumasita. Hakuna Jumasita. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina tano mbili zilizokaa jirani, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na sita haina. Nimefundisha lugha hii miaka mingi na jambo hili bado linanichekesha.

Kwa nini Alhamisi haikuhesabiwa na wenzake? Nitakupa ninavyoona mimi. Kwa hesabu ya dini siku huanza magharibi, wala si saa sita ya usiku. Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Chuoni nilikosomea Kurani nikiwa mdogo kule Pangani, tulifungiwa Alhamisi na Ijumaa. Sisi watoto Alhamisi tuliiona kama mlango wa Ijumaa, siku ya kufua kanzu na kunyolewa. Siku mbili hizo zilipokelewa pamoja na dini, zikaja na majina yake. Zile tano za jembe na nyavu watu walizihesabu kwa namba za mama zao. Kwa hiyo ulichokiita upuuzi mimi nakiona ni mshono. Vitambaa viwili viliunganishwa hapo, na fundi hakujali kuuficha uzi.

Harusi ya kaka yangu ilinifundisha jambo hili kwa aibu. Nilikuwa kijana, nikapewa kazi ya kualika wageni wa bara. Nikawaandikia kwamba ngoma ni usiku wa Ijumaa. Kwa mtu wa Pangani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani kwenu Alhamisi usiku. Wageni kutoka Singida wakaja Ijumaa jioni wamevaa, na zawadi mkononi, wakakuta akina mama wanasugua masufuria. Shangazi yangu alitoka na kisu mkononi akauliza hawa wamekuja msibani au vipi. Tangu siku hiyo naandika kama waandishi wa habari: *usiku wa kuamkia Ijumaa*. Ni maneno marefu, lakini yanaokoa pilau.

Mwalimu naye usimlaumu, ana wenzake wengi. Kaanzia Jumatatu kama kalenda za ofisini zinavyoanza, na kama majirani zetu wa magharibi wanavyohesabu. Vuka mpaka uingie Rwanda: Jumatatu ni siku ya mbere, yaani ya kwanza, Ijumaa ni ya *gatanu* na Jumamosi ni ya *gatandatu*. Waganda nao Ijumaa wanaiita *Lwakutaano*, ya tano, ila Jumatatu hawakuihesabu, wanaiita *Bbalaza*. Ndiyo, ni baraza letu. Tumewauzia neno, wao wakalifanya siku ya kwanza ya kazi.

Litazame hilo *gatandatu*. Sita yetu ya zamani ilikuwa *tandatu*, saba ilikuwa *mfungate*, tisa ilikuwa *kenda*. Sita, saba na tisa tunazotumia leo ni za Kiarabu, zimechukua viti vya wenyewe. Nane imebaki katikati yao, Mbantu peke yake, saba mgeni kushoto na tisa mgeni kulia. Hakuna mtu aliyekaa akapanga hivyo. Biashara ilikuwa ikiendeshwa na watu wa lugha mbili, na namba kubwa ndizo zilizotajwa sana sokoni na kwenye majahazi, zikabaki zile zilizosikika zaidi.

Zile za kale hazikufa zote. *Kenda karibu na kumi*, methali bado inasema. Mfungate imejificha ndani ya *fungate*, zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Siku hizi nasikia watu wanakwenda fungate ya siku tatu kwa sababu likizo ya ofisi imekwisha. Saba ya siku tatu! Hakuna anayecheka, nami nisingetaka wacheke. Neno limefanya kazi nyingine, likaacha ile ya kwanza.

Miezi ya Kiislamu ndiyo kiboko. Watu wa pwani huihesabu kuanzia Ramadhani inapokwisha: Shawali ni mfunguo mosi, kisha mfunguo pili, mfunguo tatu wenye Iddi kubwa, mfunguo sita wenye Maulidi, hadi mfunguo kenda. Baada ya hapo Rajabu, Shaabani na Ramadhani zinarudi kwenye majina yake. Muharamu, ambao ni mwezi wa kwanza wa mwaka wa Hijra, kwa hesabu hiyo ni mfunguo *nne*. Mwaka unafunguliwa katika mwezi wa nne, na bibi aliyeuona mwezi mwandamo hajawahi kupotea hata siku moja, kwa sababu yeye huhesabu kutoka kwenye tukio lililomgusa tumboni. Mfungo umekwisha, sasa tumo mosi.

Kama mume wako anadhani huu ni ugonjwa wa Waswahili, mwombe akutajie mwezi wa kumi. Atasema Oktoba. Lakini *octo* ya Kirumi ni nane, na *decem* ya Desemba ndiyo kumi. Warumi wa kale walianza mwaka mwezi Machi. Septemba ilikuwa ya saba kweli, Oktoba ya nane, Novemba ya tisa, Desemba ya kumi. Mwanzo wa mwaka ukasogezwa hadi Januari na majina yakaachwa pale pale, kama kibao cha duka lililohama. Dunia nzima inasaini mikataba kwa miezi minne yenye namba za uongo.

Na ukichimba chini zaidi utakuta kwamba tatizo halikuanza kwa watu. Mwezi unaumaliza mzunguko wake, mwandamo hadi mwandamo, kwa siku 29 na nusu hivi. Dunia inalizunguka jua kwa siku 365 na karibu robo. Miezi kumi na miwili inatoa siku 354, kumi na moja pungufu. Ndiyo maana Ramadhani inatembea, miaka mingine masika, miaka mingine vuli. Siku 365 ukizigawa kwa saba inabaki moja, ukizigawa kwa kumi zinabaki tano. Hakuna kinachogawanyika vizuri. Kila kalenda iliyowahi kutungwa ni mapatano na namba zisizokubali kupatana.

Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, mabaki hayo wameyafanyia sherehe. Mwaka wa jua wa Waswahili, wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi, ulihesabiwa siku kumi kumi, na kila kumi iliitwa *muongo*: miongo 36, halafu siku tano za kuzibia. Wavuvi, mabaharia na wakulima walijua kwa miongo pepo zinageuka lini na mbegu zitiwe lini ardhini. (Leo muongo umekuwa miaka kumi. Siku zikageuka miaka, tukaendelea na safari.) Mwaka unapogeuka, mwezi Julai, ndipo panapofanyika Mwaka Kogwa: wanaume wa pande mbili za mji wanachapana kwa makuti na mashina ya migomba, wanawake wanaimba, na kibanda cha makuti kinachomwa moto huku mtu aliyeingia ndani akichomoka mbio. Mgeni anayepita na kamera anaona watu wazima wakipigana kwa migomba. Mwenyeji anajua kwamba kinyongo cha mwaka mzima kinaachwa uwanjani, na kwamba mgomba ni mlaini.

Haya, saa. Hapa mume wako ananigusa pabaya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simu yake inaandika 7:00, wewe unasema saa moja. Anasema tumegeuza. Mimi namuuliza: hiyo saba ni saba ya nini? Ni saa saba tangu katikati ya usiku, wakati ambapo wewe, yeye na jogoo mmelala. Hakuna kinachotokea saa sita ya usiku. Huwezi kuiona, huwezi kuisikia. Saa moja yetu ni saa moja tangu kuche. Mtu asiye na saa anaweza kuikagua kwa kufungua mlango.

Tunaweza kuhesabu hivyo kwa sababu ya mahali tulipo. Karibu na mstari wa ikweta usiku na mchana hubaki karibu sawasawa mwaka mzima. Nairobi tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa ni kama dakika tisa. Dar es Salaam haifiki saa moja kamili. London mchana wa Juni unazidi saa 16 na nusu, wa Desemba haufiki nane; ukianza kuhesabu alfajiri huko, saa moja yako itakimbia huku na huko kama kuku. Warumi walijaribu. Waliugawa mchana sehemu kumi na mbili, uwe mrefu au mfupi, hata saa moja ya kiangazi pale Rumi ikafika dakika 75 hivi za leo, na ya majira ya baridi dakika 45. Kibarua wa Julai alifanya kazi saa ndefu kuliko wa Januari, kwa jina lile lile. Waitalia walihesabu kutoka machweo kwa karne nyingi. Waturuki walifanya hivyo mpaka 1926, na Waarabu pia walikuwa na desturi hiyo: jua likizama, saa ni kumi na mbili, mtu anarekebisha mishale yake kwa adhana ya magharibi. Mume wako hapo Muscat akae na mzee wa makamo ya baba yake, amuulize habari hiyo.

Alama za hesabu hiyo bado zimetapakaa. Wahispania wanalala *siesta*, neno lililotoka kwenye saa ya sita ya Kirumi, na saa sita ni saa sita, wakati sisi pia tunatafuta kivuli. Waingereza mchana wa saa sita wanauita *noon*, neno lililotoka kwenye *tisa* ya Kirumi. Sala ya saa tisa iliyokuwa alasiri ilisogezwa hadi saa sita na jina likafuata. Msomaji wa Biblia kwa Kiswahili ana bahati ya pekee hapa. Wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa ya kumi na moja, kwetu ni saa kumi na moja jioni, jua linashuka, kila mtoto anaelewa kwamba wamechelewa mno. Petro anapowatetea wenzake kwamba hawakulewa kwa kuwa ni saa tatu tu, nasi tunacheka naye, maana nani kalewa saa tatu asubuhi? Msomaji wa Kiingereza anahitaji maelezo chini ya ukurasa.

Lakini sitakuficha doa letu. Saa ya ukutani haifuati jua la Tabora. Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye mstari wa digrii 45 mashariki, na mstari huo hauigusi Tanzania hata kidogo, wala Kenya, wala Uganda. Unapita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo sote tunavaa saa ya jua la Mogadishu. Dar jua la utosi linachelewa dakika 20 na kitu baada ya saa sita. Kwenu Tabora ni karibu dakika 50. Sikiliza adhana ya adhuhuri hapo mjini: si inakaribia saa saba? Muadhini hajachelewa. Yeye ndiye anayefuata jua, saa ya ukutani ndiyo iliyowahi. Nenda Kigoma uone, kuna miezi ambayo saa moja asubuhi jua ndiyo kwanza linachungulia, na ukipanda boti kuvuka ziwa kwenda Kalemie, ukifika huko saa imerudi nyuma saa nzima.

Kwa hiyo mtu wa kawaida wa Tabora anaishi na mianzo mitatu ya siku. Kama ni Mwislamu, siku yake ya ibada inaanza magharibi. Saa zake zinaanza kulipokucha. Tarehe yake inabadilika saa sita ya usiku, na ndiyo maana mwaka mpya tunaupigia fataki saa *sita*, katikati ya hesabu, jambo ambalo hata mtunga vichekesho angeona limezidi. Na mambo yanakwenda. Mwanao ataangalia 7:00 kwenye simu na kusema saa moja bila kutoa sita kichwani. Mwonyeshe ujanja tuliofundishwa sisi kwenye saa ya mishale: tazama mshale mfupi ulipo, kisha soma namba inayoutazama kutoka upande wa pili. Saba inatazamana na moja, nane na mbili.

Umeniuliza ni maana au upuuzi. Mimi siwezi kuvitenganisha hivi viwili kwenye hesabu yoyote niliyoitaja, ya kwetu au ya wengine. Kila mmoja ana kitu cha maana alichoanzia kuhesabu: sala, kazi, mapambazuko, mwisho wa mfungo. Upuuzi unaonekana pale hesabu mbili zinapokutana na hakuna aliye tayari kufuta yake. Lugha ya watu wasiochanganyika na mtu ingekuwa nadhifu zaidi, ila Kiswahili hakikupata starehe hiyo.

Sasa ya kufanya. Mtoto asiende kubishana darasani. Mwalimu ana mtaala wake na wanafunzi wengi, na swali la mtihani linataka jibu moja. Aandike Ijumaa kama alivyofundishwa. Ila nyumbani mpe karatasi, aziandike siku saba kwa duara, kisha ahesabu mpaka tano mara tatu: kuanzia Jumamosi, kuanzia Jumapili, kuanzia Jumatatu. Atapata jibu lake, la bibi na la mwalimu, na ataziona tano zote tatu zimeshikana mikono. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mwalimu kwa wema, mwambie swali hilo lingekaa vizuri zaidi likiongezewa maneno matatu tu: *ukianzia siku gani*.

Na mume wako, kabla hajaicheka tena saa yetu, mkumbushe kwamba Muscat iko saa moja mbele. Akikuambia atapiga saa mbili usiku, muulize saa mbili za wapi, maana akipiga kwa saa ya kwake, kwako ni saa moja, na ugali bado uko jikoni.